Robo Saa ya Baba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya kukatia.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu kutoka nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile jino ulilokuwa ukililalamikia limeshang'olewa au limepata adabu. Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila magoti yake yanatangaza mvua kabla ya redio. Wifi yako ni mzima, na ameniagiza niandike kwamba siku ya harusi yako alilia jikoni na hakukuwa na kitunguu karibu. Mimi bado nina kile kikohozi changu cha chumba cha habari. Hakizidi wala hakipungui, tumeshazoeana.

Hongera tena kwa ndoa. Nilikupa hongera kwa simu siku ile, lakini kulikuwa na kelele upande wako na sina hakika kama ulinisikia. Basi hii hapa, imeandikwa.

Utajiuliza kwa nini karatasi, wakati simu zipo. Simu zetu tangu harusi zimekuwa za "Mko salama?" na "Tuko salama," kisha mmoja anasema mtandao unakatika. Mtandao haukatiki, Kifungo. Tunaukata wenyewe. Nami nina jambo la kukueleza toka mwanzo hadi mwisho bila mtu kunikatiza, na jambo lenyewe ni lile gauni ambalo halikufika.

Naanza na ninayoyajua kwa hakika. Wewe unaamini Mama hakulishona kwa sababu hakumtaka shemeji. Shangazi ameniambia kwamba ulimwambia hivyo asubuhi ya harusi, mkiwa chumbani, akikufunga zipu ya lile gauni la dukani. Mama naye ameamini miezi yote hii kwamba hukulitaka gauni lake. Kwamba namba za kufungulia programu yake ya mitindo ulizokuwa ukitutumia ulizituma makusudi zikiwa zimeshakwisha muda, ili siku ziende na uvae kama wenzako wa huko. Wote wawili mmekosea. Mimi nilikaa katikati, nikipeleka maneno ya huku huko na ya huko huku bila kuyachunguza. Habari ya namna hiyo mhariri wangu angeirusha kapuni kabla ya kufika aya ya pili.

Unaikumbuka kompyuta ya chumba cha mbele, iliyo chini ya saa ya ukutani. Karatasi za Mama za kukatia nguo zilipoharibika zote mwaka ule paa lilipovuja, wewe ndiye uliyemtafutia ile programu ya kuchorea mitindo, ukaisajili kwa jina lako na namba yako ya simu, ukaisakinisha palepale dukani kabla kompyuta haijaingia nyumbani. Ulipoondoka, Mama na Baba waliketi pale wiki hadi wiki wakiingiza vipimo vya watu. Mama akibofya, Baba akisoma kwa sauti yake ya kituo cha mabasi: "Kiuno! Kiuno kinaondoka! Nyonga, jiandaeni!" Mama alikuwa akicheka mpaka anakosea, wanaanza upya.

Humo ndimo alimokuweka wewe. Kuna faili linaitwa Kifungo. Kila nguo aliyokushonea tangu hapo ilipita humo, na kila mara alirekebisha lile bega lako la kushoto, lililoshuka tangu ulipoanguka kwenye ngazi za shule. Kola anaisogeza kidogo, mshono wa bega anaupandisha, na mkono wa upande ule anaukata peke yake. Watu wengi hawajui kwamba mabega yako hayalingani. Hawajui kwa sababu Mama hajawahi kuwaonyesha.

Mwezi wa nne diski ya kompyuta ilikufa. Tulimwita yule fundi anayebeba vifaa vyake kwenye mkoba wa ngozi, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari. Akaweka diski mpya, akaokoa michoro yote, akarudisha programu. Lakini programu ilipofunguka ilijiona iko kwenye mashine ngeni, ikagoma.

"Inasema leseni haijaamilishwa," Daktari akasema.

"Kuamilishwa ndiyo nini?" Mama akauliza.

"Inataka kuhakikisha kwamba ninyi ndio wenyewe, mama."

"Ipo juu ya meza yangu, ndani ya nyumba yangu, inakula umeme wangu. Inadhani mimi nani, mgeni?"

"Inataka namba tu."

"Namba ya nyumba au ya kitambulisho?"

Daktari alieleza kwa upole. Namba ingeingia kwenye simu yako wewe, mwenye leseni. Ungetutumia, nasi tungeiingiza kabla ya dakika kumi kupita, basi. Alisema ni kazi ya kumeza mate. Akafunga mkoba wake, akaenda zake. Saa ya kompyuta aliiacha sawasawa, kama mashine zote za duniani.

Hapa nakuomba usome polepole.

Unajua habari ya saa za nyumba yetu. Baba alikaa kituoni miaka yote akiruhusu mabasi kuondoka, na aliwaona watu wengi mno wakikimbilia moshi. Akaapa kwamba kwake hakuna atakayeachwa. Saa ya ukutani akaitanguliza robo saa. Ya jikoni vilevile. Ya mkononi mwa Mama vilevile. Kompyuta ilipokuja akaitafutia mahali pa kuzima ule utaratibu wa kujirekebisha yenyewe, nayo akaitanguliza. Ni simu peke yake iliyomshinda. Kila akiisogeza mbele ilijirudisha, mpaka akaiita kaidi na kuiachia. Alipofariki, Mama hakutaka saa hata moja iguswe. Nasi hatukugusa.

Jioni ile, Daktari alipoondoka, Mama aliketi mbele ya kompyuta kuifuta vumbi. Akaona saa ya kwenye kona ya skrini hailingani na ya ukutani. Akajua tu kwamba kitu cha Baba kimevurugwa. Njia ya kuirudisha aliijua, kwa kuwa Baba alimfundisha. Akazima kule kujirekebisha, akaisogeza mbele robo saa, akaendelea na vumbi lake. Hakumwambia mtu. Haikumjia kwamba ni jambo la kuambiwa mtu, kama vile hatuambii kila anapopangusa picha ya Baba.

Namba yako ilidumu dakika kumi. Saa yetu ilikuwa mbele kwa kumi na tano. Kwa hiyo kila namba uliyotuma, hata kama ungeitamka ukiwa umesimama nyuma ya kiti changu, ilifika ikiwa imeshakufa kwa hesabu ya mashine hii.

Sisi hatukujua. Tulichokiona ni maandishi mekundu: muda wa namba umekwisha. Mimi nikiandika, Mama akinisomea tarakimu kutoka kwenye simu yangu, Shangazi amesimama nyuma akisema nibonyeze kwa nguvu. Nilidhani labda ni tofauti ya saa za huko na za huku. Nikampigia Daktari, akasema programu hizi zinahesabu saa za dunia nzima kwa pamoja, haziangalii nchi. Labda huyo anayetuma anaituma ikiwa imeshakaa. Aliongea kwa kukisia, akiwa juu ya ngazi akifunga nyaya kwa mtu mwingine. Nami nikayachukua maneno yake kama yalivyo nikakuletea: kwamba unachelewa.

Ukanijibu: "Naituma hapohapo, Kaka. Nimetoka kwenye kikao nimesimama koridoni na simu mkononi. Sijui mnataka nini kwangu." Mama akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma kwa sauti. Hata leo nayasikia maneno yale yalivyotoka kinywani mwangu. Hayakuwa na korido yako wala kikao ulichokiacha. Yalikuwa makali tu. Mama akakunja kitambaa alichokuwa amekishika, akasema, "Basi, tusimsumbue."

Baada ya majaribio mengi programu ilijifunga kabisa, ikatutaka tuandikie watengenezaji wake. Tukaandika, na majibu yao yalikuja kwa mwendo wa kobe, huku siku ya safari ya Shangazi ikikaribia.

Nilimwomba Mama achore kwa mkono kama zamani. Macho yake hayafuati tena mstari mrefu wa kalamu, hilo unalijua, lakini alijaribu. Alikata mfano kutoka kwenye shuka kuukuu, akaushikiza, akauvalisha kiti, akarudi nyuma kuutazama. Akasema, "Huyu siye." Akaufumua. Nikamwambia tukuombe vipimo upya. Akanijibu kwamba anayetaka kupimwa angeshapimwa. Kitambaa cheupe kilikuwa kabatini kimekunjwa, na hakukigusa. "Siwezi kumkata mwanangu kwa kukisia," alisema. Wewe nilikuletea kwa kifupi kwamba Mama amechoka. Sasa naelewa ulivyolipokea neno hilo.

Shangazi akasafiri na begi jepesi.

Aliporudi alituletea picha. Mama alivaa miwani, akaishika ile mliyosimama wawili kwenye ngazi. Nilikuwa namtazama usoni, maana ndiyo kazi yangu. Kuhusu shemeji alisema anasimama vizuri, ila suruali imemzidi urefu na hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo neno lake pekee kuhusu shemeji hadi leo, na kwa Mama suruali ndefu si chuki. Hata Baba alianza hivyo. Kisha akakutazama wewe. "Bega la kushoto limeshuka," akasema. Akaigeuza picha ikalala kifudifudi, akaenda jikoni.

Ukweli ulijitokeza wiki mbili zilizopita, kwa njia isiyo na ushujaa wowote. Watengenezaji walitujibu hatimaye. Walifungua kizuizi, na wakataka picha ya yale maandishi mekundu. Nilikuwa nayo kwenye simu tangu mwezi wa tano. Mimi napiga picha kila kitu, hata risiti za chai. Kabla ya kuituma nikaitazama vizuri. Simu inaandika muda wa kila picha inayopigwa. Na ndani ya picha, kwenye kona ya skrini, ilionekana saa ya kompyuta. Hazikulingana. Nikazitazama tena. Tofauti ilikuwa robo saa kamili, na katika dunia hii namjua mtu mmoja tu aliyekuwa na robo saa yake mwenyewe.

Nilikuja hapa siku ya pili yake. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mama, saa ya kompyuta iko mbele robo."

"Zote ziko mbele robo. Umesahau ulikozaliwa?"

"Daktari aliiacha sawa."

"Aliivuruga. Nikairudisha kama alivyoiacha baba yenu."

Nikamweleza habari ya dakika kumi. Sikumaliza. Mama hajawahi kuwa mzito wa kuelewa. Ni sisi tunaoeleza kwa kuzunguka.

"Kwa hiyo namba za mtoto zilikuwa nzima," akasema.

"Zilikuwa nzima."

"Zote?"

"Zote, Mama."

Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo aliyokuwa akiikunja. Akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nami nilimwambia Shangazi yake kwamba mtoto ameota kiburi," akasema. Kisha: "Na baba yake alizitanguliza saa ili asiachwe mtu."

Nimewahoji watu waliounguliwa nyumba na nikajua la kuuliza, lakini pale nilichukua nguo iliyofuata nikaikunja.

Aliirekebisha saa mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Nilipoinuka kwenda kwenye ile ya ukutani alinizuia: "Hiyo iache. Nimesema hii ya kompyuta tu. Hii ni ya kufanyia kazi na mtoto." Kwa hiyo sasa chumba cha mbele kina saa mbili, moja juu ya nyingine, na hazipatani. Wifi yako anasema afadhali, kwani sasa ana pa kuangalia akitaka kujua kama kweli amechelewa.

Wewe unaikumbuka Jumamosi ile nilipokuomba namba bila maelezo. Ulinitumia tarakimu peke yake, bila hata "shikamoo." Sikulaumu, ningekuwa wewe nisingetuma kabisa. Nataka ujue kwamba namba ile iliingia mara moja. Programu ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta, na Mama akatafuta faili lako kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi.

Alilitazama lile bega. Akaushika mstari wake kwa kipanya, akaupandisha kidogo, akaushusha, akaurudisha palepale ulipokuwa. Nikamwuliza kama ataanza kukata. Akasema, "Sasa nilishone la nini? Ameshaolewa." Akazima.

Hapa ndipo tulipo. Nimeandika mambo mengi katika maisha yangu na nimejifunza kutotafuta mwenye makosa pale ambapo hayupo. Huku hakukuwa na mtu mbaya. Kulikuwa na mjane anayetunza saa za mumewe, na binti amesimama koridoni na simu mkononi. Hilo halirudishi siku ya harusi, najua. Hakuna masahihisho ya ukurasa wa ndani yanayoweza kukuvalisha gauni lile asubuhi ile. Lakini sikutaka uendelee kuishi na habari isiyo ya kweli juu ya mama yako, wala yeye juu yako.

Mama hatakupigia kwanza. Usidhani ni ukaidi. Ni aibu, na aibu ya Mama unaijua, hujificha kwenye kazi. Tangu Jumamosi ile amefupisha mapazia ya nyumba nzima, hata yale yaliyokuwa mafupi. Wifi yako ameficha sketi zake.

Habari nyingine ni ndogo. Paa sasa halivuji. Gazeti letu limepunguza kurasa, lakini mimi bado nimo kwenye zile zilizobaki. Daktari nilimwona dukani, nikamweleza yote. Akashika tama, akasema siku nyingine ataangalia saa kwanza. Nikamwambia nyumba yenye ugonjwa huu ni moja tu, asisumbue wengine.

Msalimie sana shemeji, na umwambie suruali za harusi hupunguzwa hata baada ya harusi, alete tu. Shangazi anakusalimu, na anasema yale maneno yako ya chumbani alinieleza mimi peke yangu, hakuyafikisha kwa Mama, wala hatayafikisha. Wifi yako anakusalimu kwa machozi yaleyale.

Salamu za Mama ni hizi. Yuko upande wa pili wa meza hii ninapoandika, na mkasi mkononi. Ameniuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia. Amekata hadi mwisho wa mstari, kisha bila kuinua kichwa akasema: "Muulize kama bega bado liko vilevile, au limeshuka zaidi. Mtu akiongezeka umri huwa linashuka." Nikamwuliza anataka kujua ili iweje. Akasema, "Wewe uliza." Nimeinua macho kuona anachokata. Ni kile kitambaa cheupe.

Basi nakuuliza. Ila jibu usinipe mimi, nimeshabeba maneno ya kutosha mwaka huu. Mpigie mwenyewe. Simu yake iko hapa mezani, na ndiyo saa ya pekee ambayo Baba hakuiweza.

Mwenyezi Mungu akutunze huko uliko, aibariki nyumba yenu mpya, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi nduguyo nikupendaye siku zote,

Kaka